Saa Moja na Nusu Hewani

Mzee Massoudi amewaosha wafu wa mtaa wa Bwiza tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na kwa jambo moja hana msalie Mtume: maiti hangojwi. Ukimwambia mjomba wa marehemu yuko njiani anatoka Uvira, atakukata jicho na kuendelea kukunja mikono ya kanzu. Watu walimwogopa kwa hilo, na kwa hilo hilo walimheshimu.

Alfajiri moja simu ikaita. Ilyasi, shemeji yake anayeishi Nairobi, alikuwa akilia. Moubarak, mtoto pekee wa Massoudi, amefia hospitalini huko.

“Shemeji, tukungojee mpaka Magharibi?”

“Apana. Mutoto wangu naye ni mutu kama wengine. Muswali Alasiri, muzike. Lakini mutu asimuguse, mi ndo ntamuosha.”

“Na ukichelewa?”

“Hewani ni saa moja na nusu tu! Mi ntachelewa aje?”

Régis, aliyemkatia tiketi mjini, alimweleza yote: kilomita karibu mia tisa, ndege inaondoka kabla ya Adhuhuri, na saa za Nairobi ziko mbele. Massoudi alisikia kilomita tu. Hilo la saa lilimpita. Tangu lini mtu wa Bwiza akahitaji saa ya Nairobi? Alichukua sanda aliyoinunua mtaani Jabe, akachukua na kafuri, maana hakutaka mwanawe avikwe kitambaa cha kuokoteza.

Hewani hakutazama nje. Alirudia kimoyomoyo mpango wa kazi: aanze upande wa kulia, maji yasiwe ya moto sana. Moubarak tangu utotoni hakupenda maji ya moto. Ndege ilipotua, saa yake ya mkononi ilisema saa saba. Alasiri bado mbali, akatulia, na kwenye foleni ya pasipoti akampisha hata mama mwenye mtoto mgongoni.

Alipofika dirishani ndipo akaiona saa ya ukutani. Ilikuwa imeipita ya kwake kwa saa nzima.

Hakuwa na laini ya simu ya pale ya kumpigia Ilyasi. Forodhani wakaufungua mfuko, wakaikunjua sanda, wakauliza ni ya nini, naye akawajibu kwa sauti iliyowafanya waifunge haraka. Barabarani magari yalikuwa yamegandana. Adhana ya Alasiri ilimkuta ndani ya teksi, akaanza kumtukana dereva, kisha akajitukana mwenyewe, na dereva wa watu hakujua amekosa nini.

Makaburini udongo ulikuwa bado mbichi. Ilyasi alimshika mkono.

“Tulifanya vile ulisema, Shemeji. Alasiri ilifika, hatukungoja.”

Na ilikuwa kweli, hapo ndipo palipomchoma. Hakuwa na wa kumlaumu chini ya jua lote. Akauliza ni nani aliyemwosha mwanawe, akaletewa mtu mwembamba, mpole, mikono imefunganishwa mbele.

“Alikuwaje?” Massoudi akauliza.

“Uso wake ulikuwa na nuru, mzee. Kama mtu aliyelala.”

Massoudi akaitikia kwa kichwa. Maneno hayo aliyajua vizuri. Amewaambia akina baba wote wa Bwiza, yalipokuwa kweli na yalipokuwa uongo, na hakuna hata mmoja aliyeweza kujua tofauti.