Ramani ya Turubai

Mwalimu wa darasa la nne aliniita shuleni kuniambia kwamba mtoto wangu anaibia mtihani. Mtoto si wa kumzaa mimi, ni wa kaka yangu mkubwa anayevua dagaa Mugango. Alikuja kukaa nasi Musoma mjini ili asome. Wizi wenyewe ulikuwa huu: kila akifika kwenye swali la ramani, anageuza karatasi. Anailaza ubavu, mara nyingine anaisimamisha kichwa chini, na mwenzake wa dawati anasoma majibu yake bila hata kunyoosha shingo.

"Akifanya hivyo kwenye mtihani wa taifa, msimamizi hatamuuliza ana shida gani," mwalimu alisema. "Atamwandikia wizi tu."

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimuuliza binti huyo sababu.

"Baba mdogo, ramani wanaziwekaga vibaya," alisema. "Ziwa wameliweka huku, na ziwa liko kule."

Ilinichukua hadi nyumbani kumwelewa. Kwao Mugango ziwa liko upande mmoja, jua linakozama. Ukijua maji yalipo, unajua kila kitu: mlango wa nyumba unatazama wapi, shule iko wapi, mvua inatoka wapi. Kumbe Musoma ni mji uliojichomeka ziwani. Maji yako magharibi, yako kaskazini, na ukikata kona moja unayakuta tena mbele yako. Mtoto alikuwa anaizungusha karatasi akitafuta ziwa la kwao.

Jambo hili lisingeninyima usingizi kama asingekuwa amesharudia darasa mara moja. Kaka alisema kwenye simu, bila kupunguza sauti, kwamba akifeli tena arudi nyumbani amsaidie mama yake kuanika dagaa.

"Dagaa hawaulizi ramani," alisema.

Binti alikuwa amesimama ubavuni kwangu na simu yangu inapiga kelele kama redio. Hakulia. Alisema tu, tena si kwangu wala kwa baba yake, "Sirudi."

Neno hilo nililipokea kama agizo. Nina digrii ya historia na jiografia, imetundikwa sebuleni juu ya televisheni, na tangu niipate imenisaidia hasa kuandika makala ambazo mke wangu huzisoma hadi aya ya pili. Sasa ilikuwa imepata kazi. Nikaamua kwamba mtoto atafundishwa kwa mchezo.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa ubao, wenye dadu na kanuni za kurasa nne. Niliita watoto wa majirani, nikaanza kuwasomea kanuni. Kwenye ukurasa wa pili mmoja wao aliuliza kama dadu zinaweza kuchezwa peke yake. Wakazichukua, wakaenda nazo nyuma ya nyumba.

"Baba, hongera," mke wangu alisema kutoka jikoni. "Umewafundisha kamari."

Mchezo wa pili niliuchora kwenye turubai lililowahi kufunika mifuko ya simenti. Nilitumia rangi iliyobaki tulipopaka milango, ndiyo maana Ziwa Victoria langu lilikuwa la kijani. Niliweka Musoma, Mugango, Butiama, Buhemba na Bunda, kila mji na duara lake la kusimama mtoto mmoja. Kwenye kona nilichora mshale wa kaskazini. Huo niliuchora kwa mapenzi, nikautia hadi manyoya mkiani, ukanila muda mwingi kuliko wilaya mbili zikichanganywa. Kisha sikuutaja kwenye kanuni hata mara moja.

Kanuni safari hii zilikuwa za mdomo. Mwitaji anataja zama na safari. "Zama za miguu! Toka Buhemba na mtama, nenda Mugango, rudi na samaki!" Au, "Zama za pamba! Toka Bunda, nenda Musoma!" Au zama zetu, mtu ana shida ya kiwanja anakwenda ofisi ya wilaya Butiama. Mchezaji anaruka duara hadi duara, kila hatua anasema anaelekea upande gani, na anaeleza kwa nini watu wa zama hizo walikwenda huko. Nilihakikisha wanajua kwamba kuna miaka ya njaa watu wa bara walibeba walichonacho hadi ziwani kutafuta chakula, na miaka mingine mavuno ya bara yakiwa mazuri, wavuvi ndio wakapanda huko kufuata mtama. Akikosea upande, amezama.

Hilo la kuzama ndilo lililowavuta watoto wa majirani.

"Umezama! Sangara wameshakula!"

"Sijazama, nimeteleza!"

"Umezama wewe na mtama wako, toka!"

Binti wetu alizama kila siku. Nikitandika turubai vile ziwa la kijani lisivyotazama ziwa la kweli, anaganda kwenye duara, anainua macho juu ya paa kutafuta maji. Tuliendelea. Jioni baada ya jioni yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulikung'uta vumbi.

Jumamosi moja tulikwenda Bunda kwa dada yangu, turubai likiwa limekunjwa chini ya kiti cha basi. Huko aliwashinda binamu zake wote. Nilimpigia kaka simu papo hapo kumwambia kazi imekwisha. Jumatatu binti akafanya jaribio darasani, akageuza karatasi, mwalimu akamnyang'anya. Ndipo nilipoona upumbavu wangu: Bunda ziwa liko mbali, lakini liko upande uleule jua linakozama, na mimi nilikuwa nimelitandika turubai ziwa langu likitazama hukohuko. Sikumfundisha kitu. Nilikuwa nimempeleka Mugango nyingine.

Basi nilitafuta mahali pasipo na ziwa. Butiama, kwa mama yangu, ukisimama uani unaona migomba, mawe makubwa, ng'ombe wa jirani na kilima. Nikatandika turubai, kaskazini yake ikitazama kusini ya kweli, makusudi. Mama naye akavua kandambili akadai kucheza.

Mama anaiba. Nasema kwa heshima zote. Alitoka Buhemba akaruka moja kwa moja hadi Mugango, na tulipopiga kelele kwamba amezama, alitutazama kama wageni.

"Njia hiyo ilikuwepo. Mimi nimepita hapo na mzigo kichwani, wewe hujazaliwa. Mjukuu wangu, cheza, waache hawa."

Mjukuu akaingia. "Toka Musoma, nenda Butiama," niliita. Akaganda.

"Bibi, ziwa liko wapi?"

"Nyuma ya kilima."

"Kilima kipi?"

"Mbona umesimama kama nguzo ya umeme?" Mama alicheka. "Ziwa liache, limelala huko. Ruka!"

Akaruka, akasema magharibi, akazama. Akarudia, akazama. Mara ya tatu alitoka kwenye turubai akakaa chini akiwa amevimba kwa hasira. Tukaitwa kula, akakataa. Nilipotoka nikinawa mikono nilimkuta amesimama kwenye kona, juu ya mshale wangu wa manyoya, mgongo ukitazama mkia wake, mikono ameinyoosha.

"Huyu anasema mbele ni kaskazini," alisema. "Hata ukiligeuza turubai, huyu anageuka nalo. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Mbona hukusemaga?"

Nilisema nilidhani anajua. Alitunga kanuni mpya palepale: hakuna kuruka kabla hujasimama kwenye mshale na kuita, "Mbele kaskazini, nyuma kusini, kulia mashariki, kushoto magharibi!" Mama alisema ni kanuni ya kuchosha wazee, binti akamwambia basi bibi atazama. Tukacheza hadi giza. Nilizungusha turubai pande zote, na alizama mara chache, kisha hakuzama.

Wiki zilizobaki aliicheza kanuni hiyo kila siku, kwenye turubai, kwenye kitabu, kwenye kipande cha gazeti, karatasi imetulia mezani na kidole chake kiko juu ya mshale. Mtihani wa taifa ulipokuja, ramani ilikuwa ya kijiji cha kubuni chenye mto na zahanati. Ziwa halikuwemo kabisa.

Matokeo yalitoka Januari. Kaka alikuwa amefika tangu asubuhi, na kwa amri yake mfuko wa nguo za binti ulikuwa umefungwa, uko mlangoni. Niliyafungua matokeo kwenye simu yangu, nikamsomea.

"C," nilisema.

"C ndiyo nini?"

"Amefaulu. Anakwenda la tano."

Kaka akamtazama mtoto wake. "Mama yako nitamwambia nini?"

"Mwambie likizo nitakuja kumsaidia," binti alisema. Akaubeba mfuko wake, akaupeleka chumbani, na tukamsikia akianza kuufungua.