Paswadi Niliyoichomeka Ukutani Lopur

Naikumbuka siku niliyorudi Lopur nikakuta nyumba yetu haipo, mwanangu, na hasira ya siku hiyo haijanitoka mpaka leo.

Dada yangu Akiru alikuwa ameomba nafasi ya kusomea uuguzi, na majibu yangekuja kwa baruapepe. Mimi ndiye niliyemfungulia akaunti kwenye saiba, duka la intaneti, huko Lodwar nilikokuwa nikisoma. Paswadi niliiandika kwenye kikaratasi, nikakichomeka ndani ya majani ya mkoma ya ukuta, pale ninapolala. Sikumwambia mtu, hata Akiru mwenyewe. Nilitaka ionekane bila mimi mambo hayaendi. Upuuzi mtupu!

Mvua ikakosekana. Nikiwa shuleni, mama akafanya wafanyavyo mama zetu wote: akabomoa nyumba, akapakia punda vijiti vilivyo vizima, majani makuukuu akayachoma, akafuata malisho. Nilimtafuta kwa miguu siku nzima, nikamfikia alikohamia nikifoka, bila hata salamu.

"Ejok," akanisalimu yeye, akangoja hadi nijibu. Kisha akasema, "Nyumba ni yangu. Mimi nilijenga, mimi nimebomoa. Wewe uliniambia kuna kitu ndani?"

Kikaratasi kilikuwa kimeungua pamoja na majani. Kule saiba mimi na Akiru tulibahatisha paswadi hadi akaunti ikafungwa. Tulipopata habari, nafasi alikuwa amepewa mtu mwingine. Akiru hakunigombeza. Alichukua fimbo akarudi kwa mbuzi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa jana naingia kwako hapa Kakuma, nakuta paswadi yako ya chuo cha uuguzi imeandikwa ukutani kwa kalamu nene, juu ya soketi ambapo majirani wote huja kuchaji simu! Una akili wewe? Na wewe ni binti wa Akiru!

Ibadilishe leo, na ukuta uupake rangi. Mpya iandike kwenye daftari, bila kutaja ni ya nini, uifungie katika sanduku la bati la mama yako, pamoja na vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa. Mkihama, sanduku hilo ndilo hubebwa kwanza. Halafu mketishe mama yako umwonyeshe mahali ilipo. Mwonyeshe yeye, kwa sababu mimi sikumwonyesha.

Mungu akulinde, mwanangu. Akuvishe sare ya uuguzi ambayo mama yako hakuivaa, na siku hiyo anipe uzima nije nimwombe Akiru msamaha mbele yako.