Niliondoa viatu mlangoni mwa msikiti wa babu ili picha ipendeze

Wakuu, hamjambo. Haya yamenikuta mwenyewe, sijahadithiwa na mtu.

Mie Mwomani wa asili ya Unguja, nnakaa Azaiba, huku Omani. Siku za mapumziko nnapanda milima ya kaskazini kupiga picha misikiti midogo ya udongo. Haina minara wala marembo, chumba kimoja tu na mlango wa mbao. Mke wangu anasema nna wazimu, na sibishani naye.

Mamangu kazaliwa Unguja. Babake alikuwa akimhadithia msikiti wa kijijini kwao, huku milimani, alikokuwa akiadhini kabla hajahamia Unguja. Mama hajapata kuuona, na magoti yake hayaziwezi tena ngazi za mawe. Akaniomba, "Nenda kanitizamie kama bado watu wanasali."

Nikenda. Kwanza kahawa na tende, maana huko huanzi na kamera. Wazee wakaniuliza mie wa nani. Nikamtaja babu, wakanikumbatia.

Alasiri tukasali. Nikawahi kutoka, nikakuta viatu vimezagaa mlangoni, vya plastiki, vya ngozi, rangi zote. Fremu yote imeharibika!

Basi nikavihamishia nyuma ya ukuta.

Wazee wametoka, kila mtu anatafuta viatu vyake. Walicheka, mie nikaona haya, lakini picha nimeshapata. Safi kabisa.

Nyumbani mama akaivuta kwa vidole kwenye simu, akatizama mlango tu.

"Hapana hata kiatu. Umeshahamwa msikiti huu."

"Mama, nimesali nao mwenyewe."

"Unanipoza moyo, mwanangu."

Nikamweleza yote. Akanirudishia simu. Wallahi iliniuma.

Ijumaa iliyofuata nikarudi huko huko. Sikugusa kitu. Nikaupiga picha mlango na viatu vyake, vingine vimepinduka.

Mama aliishika simu muda mrefu. Halafu akanyooshea kidole ndara moja ya kijani.

"Hii imekatika ukanda. Mwenyewe atarudije nyumbani?"

Akatabasamu huku machozi yanamtoka. Nami nikalia.

Nilichojifunza: siku hizi nnauliza kwanza anayeitaka picha anataka kuona nini.

Wapiga picha wenzangu, nyie huondoa nini kwenye fremu? Na wa milimani, mwenye ndara ya kijani akipita humu, mama anamsalimu.