Jimu ya Hafidh

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, mwaka 1998, siku niliyofuta sauti ya rafiki yangu. Nilibonyeza vitufe viwili vya redio kaseti kwa pamoja, kile cha kucheza na kile cha kurekodi, na dakika tatu baadaye sauti ile haikuwepo tena. Nakala hakuna. Mpaka leo hakuna.

Mwanangu, wiki iliyopita ulinipa simu yako nisikilize wimbo wako, na kabla haujafika nusu nikakuambia uzime. Ukadhani mzee hapendi makelele. Makelele nayapenda, nimeyapiga mimi kabla hujazaliwa. Nilichokataa ni neno moja ulilomtupia mpinzani wako, nawe ukacheka ulipolitamka. Neno hilo nimelitupa mimi pia. Kaa kidogo nikwambie lilipoangukia.

Mimi ni fundi wa viyoyozi, unanijua. Shule niliacha mapema. Lakini zamani hizo pale Sib, Maskat, kwenye nyumba zile za serikali, nilikuwa mmoja wa vijana watatu waliokuwa wakichana mistari ya rap kwa Kiswahili kwenye banda la gari la baba yangu. Kiongozi alikuwa Suleiman, mwenye sauti nzito na kofia aliyoigeuza kisogoni. Mimi nilishika mashine: redio ya kaseti mbili, waya, na maiki iliyotoka kwenye seti ya harusi. Wa tatu alikuwa Hafidh, na Hafidh ndiye aliyeandika. Mistari yake, yangu, ya Suleiman, yote ilitoka kwenye daftari lake.

Aliandika kwa herufi za Kiarabu. Sote tulizaliwa Maskat na tukasoma kwa Kiarabu. Kiswahili tulikipata jikoni kwa mama zetu waliotoka Unguja, na hakuna aliyetufundisha kukiandika. Kwa hiyo tulikiandika kwa zile herufi tulizokuwa nazo. Hapa nisikilize vizuri, maana kisa chote kiko hapa. Herufi ya waw kwetu ilikuwa u, na ilikuwa o vilevile. Na jimu, ambayo mama zetu waliosoma Kurani chuoni Unguja huisoma j, sisi watoto wa mitaani Maskat tuliisoma g. Neno moja kwenye karatasi, mama akilisoma ni hivi, mwanawe akilisoma ni vingine. Tulikuwa tukicheka sana kwa ajili hiyo.

Mama yake Hafidh, Bi Zuwena, alikuwa akikaa Khuwair ya Kusini, na mama yangu akikaa Sib. Waliitana shoga. Kila simu ilianza hivyo: "Shoga, umeamkaje? Shoga, umepika nini?" Ndilo jina mwanamke wa kwetu analompa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Nimelisikia neno hilo likitamkwa kwa mapenzi tangu nipo mgongoni. Halafu nikatoka nje ya mlango, nikafika bandani, na neno hilohilo likawa tusi kubwa kuliko yote tuliyokuwa nayo. Mwanamume akiitwa hivyo, hana pa kujificha. Kwenye mistari yetu tulilitumia kila mara tulipoishiwa. Suleiman akisema rap ndivyo ilivyo, ukitaka kumuua mtu mwite hivyo, basi, umeshinda.

Hafidh peke yake hakuwahi kuliandika. Nilimuuliza mara moja kwa nini, tulipokwenda Qantab kununua samaki kwa ajili ya karamu. Tulikuwa tumekaa juu ya mawe tukingoja. Akasema, "Mimi sitaoa, yakhe. Unajua kwa nini?"

Nikasema, "Najua."

Kisha nikamuuliza bei ya nguru. Ndivyo nilivyofanya, sikufichi. Mtu ananipa kitu kizito kuliko vyote alivyokuwa navyo, mimi nauliza bei ya samaki. Naye akanijibu bei, taratibu, kama kwamba swali lilikuwa la maana.

Ile Ijumaa, siku moja kabla ya hiyo Jumamosi, vijana watano wa Khuwair walikuja bandani kwetu baada ya chakula cha mchana kushindana nasi. Mashine inarekodi, mdundo unacheza. Zamu ya Hafidh ilipofika, Suleiman akamnyang'anya daftari.

"Lete nikusomee mimi. Sauti yako ya kuimbia watoto walale."

Akaanza kusoma kwa kelele: "Mchana kweupe, mbele yenu nilikuja! Andikeni ukutani, Hafidh ni..." Akasita. Akalisogeza daftari karibu na uso. "Ni shoga? Jamani, kaandika shoga! Kajiandika mwenyewe!"

Banda zima likaangua kicheko.

"Na kina hakikai," Suleiman akaongeza. "Nilikuja, shoga. Hata kuandika kumemshinda leo."

Mimi nikaruka. "Ni shuja, bwana! Shujaa! Kasahau ain tu mwishoni." Maana shujaa kwa Kiarabu huishia na herufi ya ain, na hapo haikuwepo. Nilitaka kumwokoa. Labda nilitaka kujiokoa mimi, kwa kuwa nilikuwa nimekaa karibu naye.

Hafidh akanitazama. "Sikusahau ain."

"Sasa ni nini?" Suleiman akauliza. "Hapa rap ya wanaume, bwana. Kama ndiyo hivyo nenda kwa mama zetu, wakupake hina."

"Nikienda kwa mama zetu nitarudi na Kiswahili. Wewe utabaki na nini? Mistari yako yote nimekuandikia mimi."

Kicheko kikageuka. Mmoja wa vijana wa Khuwair akapiga mluzi. Hafidh akalichukua daftari lake kwa upole, akachukua na maiki.

"Kina kipo," akasema. "Nyinyi mnasoma nusu."

Akachana:

"Mchana kweupe, mbele yenu nilikuja,
andikeni ukutani: Hafidh ni shuja."

Akavuta pumzi, akarudia, na safari hii jimu zote mbili akazisoma kimtaa, kama tulivyozisoma sisi, na waw akazifanya o:

"Mchana kweupe, mbele yenu nilikoga,
andikeni ukutani: Hafidh ni shoga."

Herufi ni zilezile, nukta ni zilezile. Kuja na koga, kutokea mbele ya watu na kujionyesha mbele ya watu, kwenye karatasi vilikuwa neno moja. Shujaa na shoga vilikuwa neno moja. Alikuwa amekaa na mistari ile miwili sijui siku ngapi, akiipima, ili mtu yeyote atakayeisoma, kwa nia njema au mbaya, aisome kweli.

"Someni mnavyotaka," akasema. "Yote mawili ni mimi."

Mwanangu, nimesikia wachanaji wengi tangu siku ile, wa hapa na wa mbali. Sijasikia mistari miwili iliyonitetemesha kama ile. Na kijana mmoja wa Khuwair, mpinzani wetu huyo, alisema, "Rudia!" Suleiman akachomoa waya ukutani.

Walipoondoka akaniambia, "Futa hiyo kaseti. Ikitembea hapa Sib, watasema sote watatu ndio hivyo." Ni kweli aliniambia. Lakini kidole kilichobonyeza kilikuwa changu, na nilikuwa na usiku mzima wa kufikiri. Tena sikuifuta ikabaki kimya. Nilirekodi juu yake mistari yangu mwenyewe, mibovu, na neno lile nililitia mara tatu, kwa sauti ya juu, nikimsema mtu asiye na jina. Kila aliyekuwepo bandani angejua namsema nani. Nilitaka wajue mimi siko upande ule.

Hafidh alikuja katikati ya wiki kuitaka kaseti. Nikampa. Akaitia kwenye mashine, akakaa juu ya ndoo ya rangi, akasikiliza mpaka mwisho. Sikuweza kumtazama, nikajifanya nakunja waya. Akaitoa, akairudisha kwenye kasha lake, akaniwekea mkononi.

"Sauti yako imetoka vizuri," akasema. Akaenda zake.

Hakurudi bandani tena. Kundi letu likafa kabla ya Ramadhani; hatukuwa na wa kutuandikia. Yeye akapata kazi ya ofisi Khuwair. Tulipeana mikono siku za Idi, tukaulizana hali za mama zetu.

Lakini mistari haikufa. Mwaka 2003 nilikuwa kwenye karamu ya harusi Sib, mchana, nimeshika sahani. Nikasikia vijana nisiowajua wakitupiana kama mchezo: mmoja anasema nilikuja, mwenzake anajibu nilikoga, huyu shuja, yule shoga, wanacheka kwa utamu wa ile hesabu ya herufi. Mmoja akasema, "Mwenyewe si yule pale?" Wakamwendea Hafidh. Wakamwomba. Kuna aliyeanza kunong'ona neno la kumchafua, na mwenzake akamkata palepale: "Nyamaza, tunataka kusikia." Hafidh akaweka glasi yake chini, akafuta midomo, akawachania yote mawili. Wakampigia makofi, hata yule mnong'onaji. Ilichukua miaka mitano, na waliofanya walikuwa watoto wa shule.

Mimi nilibaki na sahani yangu. Zilikuwa hatua kumi kumfikia, labda kumi na mbili. Sikuzipiga.

Mwaka uliofuata gari lake lilipinduka barabarani, asubuhi, akienda kazini. Hakufa kwa ajili ya neno lile. Watu hupenda kumalizia visa vya namna hii hivyo, kana kwamba mtu kama yeye lazima afe kwa alivyo. Ilikuwa tairi. Nalisema kwa sababu ni kweli.

Siku ya tatu ya matanga, Bi Zuwena aliniita ndani kwa wanawake. Alikuwa amekaa chini ya dirisha, mama yangu pembeni yake, na daftari la Hafidh mapajani. Madirisha yote yamefungwa kwa sababu ya kiyoyozi, kile nilichomfungia mimi mwenyewe. Nje, chini ya dirisha hilo, walikaa wanaume kwenye viti, na Suleiman alikuwa mmoja wao.

"Wameniambia iko kaseti yenye sauti yake," akasema. "Iko kwako."

"Niliifuta, mama."

"Bahati mbaya?"

"Kwa makusudi. Niliogopa watu."

"Wewe," akasema. "Uliyekula kwangu."

"Ndiyo, mama."

Akafungua daftari, akaweka kidole chini ya mistari ile miwili, akaisoma kwa jimu yake ya chuoni. "Mbele yenu nilikuja. Hafidh ni shuja. Ndivyo?"

Ningeweza kusema ndivyo. Mfiwa angebaki na shujaa wake, na hakuna mtu chumbani pale angenilaumu. Lakini nilikuwa nimeshamfuta mara moja.

"Ndivyo, mama. Na kuna kusoma kwengine, aliandika makusudi." Nikamsomea kwa sauti ndogo: nilikoga, shoga. Mama yangu akaziba mdomo kwa kiganja. "Aliyasema mwenyewe mbele ya watu, mchana. Akasema yote mawili ni yeye."

"Najua alivyokuwa," Bi Zuwena akasema. "Nimemzaa mie. Nilikuwa sijui kama alipata kulisema."

Nitakumalizia kilichofuata, lakini nasaha yangu nakupa sasa, kwa kuwa baada ya hapo sina la kuongeza.

Mwanangu, toa neno lile kwenye wimbo wako. Usilitoe kwa kuwa mimi nimekasirika. Litoe kwa kuwa ni neno la mtu aliyeishiwa, na wewe hujaishiwa. Na usiniambie rap ndivyo ilivyo. Rap ni watu waliomo ndani yake, na mchanaji bora niliyemjua mimi alikuwa mtu wa namna ile mnayoitukana, na alisimama peke yake katika banda la watu wanaomcheka bila kuinamisha kichwa. Akitokea mwengine kama yeye kwenye kundi lenu, mpe maiki. Anayemcheka mnyamazishe wewe, siku hiyohiyo, usingoje miaka mitano. Akikuambia siri yake, usiulize bei ya samaki. Wapo watakaosema mzee huyu kaharibika. Waache waseme, nimeshakaa kimya kiasi cha kutosha, na nimeona kimya changu kilizaa nini. Watakutajia dini pia. Mimi si mtu wa elimu, ya dini waulize wenyewe, lakini najua hakuna mwalimu aliyenifunza kumdhalilisha rafiki yangu ili mimi nionekane mwanamume.

Mungu akupe ulimi usioogopa. Akupe rafiki kama niliyekuwa naye, na akuepushe na kuwa rafiki kama nilivyokuwa. Kila utakachorekodi kibaki, na usikie sauti za uwapendao mpaka uzeeni. Amin.

Basi. Bi Zuwena alinipa daftari mkononi. "Soma tena," akasema. "Yote mawili. Kwa sauti, kama alivyosema yeye."

Mama yangu akamgusa goti. "Zuwena, wanaume wapo hapo nje. Watasikia."

Bi Zuwena akajifuta uso kwa upande wa mtandio wake, akamgeukia.

"Shoga," akamwambia, "fungua dirisha."

Mama akalifungua, nami nikasoma.