Picha Zilizotikisika

Kamera niliazimwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye anapiga picha za harusi na vipaimara hapa Kahama. Aliileta nyumbani kwetu Nyahanga kwa huruma, na huruma ile iliniudhi. Mwanaume mzima nimekaa barazani tangu asubuhi, mke wangu yuko sokoni anauza mchele, na shemeji ananiletea kitu cha kuchezea. Akaniambia nijifunze kuipangia kila kitu mwenyewe, nisiiachie iamue, na nianze na vitu vya mezani kwa sababu havilalamiki kwamba vimechoka. Nikaipokea. Sikuwa na mpango wa kuwa mpiga picha. Nilikuwa nasubiri kifua kitulie nirudi machimboni.

Miaka yangu mingi imeishia Geita, kwenye karasha, ile mashine inayosaga mawe ya dhahabu yawe unga. Mawe tuliyasaga makavu, tumejifunga fulana puani, na jioni tulitoka weupe kama watu waliofanya kazi kwenye mashine ya sembe. Kisha tulikunywa maziwa. Pale kila mtu alijua kwamba maziwa yanasafisha kifua: unakunywa, vumbi linateremka tumboni, linatoka njia ya kawaida. Sijui nani alianza kutuambia, na sikumbuki mtu aliyewahi kuuliza. Muuza maziwa asipofika tulifanya kazi kwa wasiwasi, akifika tulifanya kwa amani, na vumbi lilikuwa lile lile.

Nilipoanza kukosa pumzi nilikwenda hospitali, wakanipima TB. Hawakuikuta. Nilitoka natembea kwa maringo, nikampigia mke wangu simu kabla hata sijavuka geti. Daktari alikuwa ameongeza maneno mengine, kwamba picha ya kifua inaonyesha vumbi la mawe limeacha makovu kwenye mapafu, kwamba makovu hayo hayafutiki na yanaweza kuendelea, na kwamba machimbo sasa basi. Nilimsikia. Lakini kwetu sisi ugonjwa wa kifua ni TB, na mtu asiye na TB ni mzima aliyechoka. Nikamwomba mwenye duara, yaani mwenye shimo tulilokuwa tunasaga mawe yake, anitunzie nafasi mpaka mvua zikatike. Mke wangu akasema nikirudi kule nitaletwa nyumbani kwenye turubai. Tukagombana, tukapatana, tukagombana tena, na ugomvi ni huo huo mmoja.

Basi nikawa napiga picha za meza. Meza yetu iko karibu na dirisha pekee la sebuleni, na juu yake nilipanga nilichokiona: ndimu, kikombe cha bati, kibuyu, kisahani cha michembe, yale makopa ya viazi vitamu ambayo ndugu zangu wa Kishapu hutuletea. Mke wangu akirudi kutoka sokoni anasimama mlangoni na ndoo kichwani. "Baba watoto, leo tunakula wapi?" Namwambia asubiri kidogo, mwanga bado mzuri. Anatandika mkeka chini na kupakua huko huko, ananitazama nilivyoinama juu ya ndimu kama naipigia ramli.

Mambo yenyewe ni matatu, na nilijifunza kwa video za kwenye simu, kwa kijana mmoja anayeongea haraka mno. Kuna tundu la lenzi, ambalo unaliongeza au kulipunguza. Kuna shata, inayofunguka na kufunga, kwa haraka au taratibu. Na kuna ISO, ambayo ukiipandisha kamera inaona hata gizani, ila picha inajaa chenga. Ukigusa kimoja, vingine viwili vinadai haki yao. Nilikasirika sana wiki za kwanza. Nilipiga kibuyu kikatoka cheusi tii, nikapiga ndimu ikatoka nyeupe.

Siku moja nilipiga glasi ya maziwa yangu juu ya kitambaa cheupe ambacho mke wangu alikifuma. Yalitoka kijivu. Nikapiga tena, kijivu vile vile, kama maji yaliyooshewa magunia ya karasha. Kijana wa kwenye simu alieleza kwamba kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi na kuupunguza, kwa hiyo lazima uipe mwanga kuliko inavyoomba. Nilifanya hivyo, yakawa meupe. Lakini ile picha ya kwanza iliniharibia hamu, na ile glasi sikuimaliza.

Tatizo langu lilianza nilipotaka meza nzima ionekane vizuri. Tundu likiwa kubwa, kikombe cha mbele kinaonekana na kibuyu cha nyuma kinakuwa ukungu. Tundu likiwa dogo, vyote vinaonekana, lakini mwanga wa dirisha letu hautoshi, kwa hiyo shata lazima ichelewe kufunga. Na shata ikichelewa, wewe uliyeshika kamera hutakiwi kutikisika hata kidogo. Unabana viwiko mbavuni, unatoa pumzi nusu, unaizuia, unabonyeza.

Mvua zilipoanza niliweza. Kwa sehemu ya kumi na tano ya sekunde nilipata picha safi, nikamwonyesha shemeji, naye akasema nina mkono mtulivu. Nilijisikia vizuri, nikasema kimoyomoyo kwamba mtu mgonjwa hawezi kupata picha hii. Baadaye picha zikaanza kutikisika. Nikaongeza kasi ya shata mara mbili, zikatulia kwa muda, kisha nazo zikaanza. Nikaongeza tena. Kila nikizuia pumzi kifua kinaruka chenyewe, kinadai hewa kabla kidole hakijabonyeza, na nikimaliza nakaa kwenye kiti nakohoa mpaka machozi yanatoka.

Niliilaumu kamera. Niliifuta lenzi kwa kipande cha kanga, nikampigia shemeji simu na kumwambia kamera yake ni mbovu, ameniletea kitu kilichomshinda yeye. Akasema atakuja kuiangalia akimaliza harusi zake. Mke wangu alikuwa jikoni akisikia kila kitu. Akaja na kiroba cha choroko, akakibwaga juu ya kiti mbele ya meza.

"Iweke hapa."

Nikamwambia hajui habari za kamera.

"Sijui. Wewe iweke, halafu ondoka hapo."

Kamera ile ina kitufe unachokibonyeza ukaenda zako, ikapiga yenyewe baada ya muda. Niliilaza juu ya choroko, nikairudisha kwenye sehemu ya kumi na tano, tundu dogo, nikabonyeza na kurudi nyuma mpaka mlangoni. Ikalia mlio wake. Tukaenda kuangalia pamoja.

Kila kitu kilikuwa kimetulia. Nyuzi za kitambaa ungeweza kuzifuata moja moja, michembe ilionekana mpaka mikunjo yake, na kutu ya kikombe iko wazi kabisa. Nilifurahi. Nasema kweli, kwa muda mfupi nilifurahi, nilitaka hata kumshika mke wangu mkono. Kisha furaha ikakatika katikati. Dirisha ni lile lile, lenzi ile ile, vipimo vile vile nilivyoviweza miezi michache nyuma. Kilichoondolewa ni mimi tu.

Niliogopa. Sikuwahi kuogopa hivyo machimboni, hata siku udongo ulipoporomoka mbele yetu. Mbele ya daktari nilikuwa na la kubisha, na kwa mke wangu nilikuwa nalo. Ile picha niliipanga mwenyewe. Kama siwezi kutuliza mwili wangu kwa muda mfupi kiasi kile, nimesimama kwenye sebule yangu, sitamaliza hata gunia moja la mawe.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nalala na wewe," akasema. "Nasikia."

Alikiondoa kiroba, akafuta meza, akapakua chakula. Tulikula mezani siku ile.

Kesho yake asubuhi nilimpigia mwenye duara. Ni mtu wa utani, Msukuma mwenzangu, tumekula vumbi pamoja tangu akiwa hana shimo. Tulisalimiana kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, bosi."

"Mwangaluka. Mvua zinaisha huku. Unakuja lini?"

"Siji. Nafasi yangu mpe mtu mwingine."

"Mama watoto amekukataza?"

"Kifua."

"Si ulisema walikupima ukakutwa huna TB?"

"Sina."

"Sasa kama huna TB unaogopa nini?" Akaanza kucheka, kile kicheko chake kikubwa ninachokijua, na katikati ya kicheko akaanza kukohoa. Nilisikia akiisogeza simu mbali na mdomo. Kikohozi kikavu, kikatulia, kikarudi kwa nguvu zaidi. Nilibaki na simu sikioni, nikimsubiri amalize.