Makaa ya Tanuri la Bibi Yustina

Mwanangu, kaa nikwambie jambo ambalo mpaka leo likinijia nakasirika, na ninayemkasirikia zaidi ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, redio na mitumba vimejaa Sumbawanga mjini, na mimi nimemaliza kidato cha sita juzijuzi, kichwa kimevimba kwelikweli. Akaja Mzungu mmoja, mtaalamu wa miamba, kuupima ule ufa mkubwa wa ardhi unaokatiza Ufipa yetu. Si umeuona? Upande mmoja umebaki juu, mwingine umeshuka, katikati ukingo mrefu mpaka macho yanachoka. Alitaka kujua ufa ule una umri gani na unakwenda kasi gani. Hesabu yenyewe haina uchawi: unapima ardhi imeshuka kiasi gani, unatafuta imeanza kushuka lini, unagawanya. Miaka unaipata kwenye makaa yaliyofukiwa udongoni, maana maabara wanaweza kujua umri wake. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, daftari kwapani. Nani kama mimi!

Tukachimba handaki chini ya ukingo, kwenye shamba la ulezi la Bibi Yustina, mjane aliyeishi pale tangu utoto wake. Makaa yakatokea tele. Mzungu akafurahi, akayatia kwenye vifuko. Bibi akaja na jembe begani, akachungulia, akaniambia kwa Kifipa, "Hayo makaa ni ya tanuri letu. Tulichoma matofali ya kanisa hapa nikiwa msichana, kuni nilibeba kwa kichwa hiki. Na bonde hili tulilichimba sisi, tukitafuta udongo. Mwambie mgeni wako asipime hapa."

Mzungu akaniuliza, bibi anasemaje?

Nikajibu, "Anasema karibuni sana."

Mungu anisamehe. Niliona aibu, mwanangu. Nitamwambiaje msomi kwamba kazi yake ya siku tatu imebomolewa na bibi asiyejua kusoma?

Basi shimo la udongo likahesabiwa kuwa ardhi imeshuka, na makaa ya juzi yakawa ndiyo umri wake. Ufa ukaonekana unakimbia kama pikipiki! Mwaka uliofuata ikaja barua kutoka ofisi ya wilaya: wote wanaokaa kwenye ukingo wahame, ni hatari. Bibi akaacha ulezi shambani haujavunwa, akaenda kukaa kwa mkwewe, kijiji cha Mwimbi. Haukupita muda, shamba lile akapewa mfanyabiashara wa mjini, akajenga ghala la mahindi palepale. Hatari gani hiyo, jamani, inayowaona wajane tu? Nilikwenda ofisini kusema ukweli. Bwana mkubwa hata kiti hakunipa. "Ripoti imeshapita," alisema. "Wewe ulikuwa mkalimani tu."

Nikamfuata bibi huko Mwimbi, nikapiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Yale maneno yangu, ulimwambia?"

"Hapana, bibi."

"Miezi yote hii namlaani mgeni wa watu bure," akasema. "Kumbe ni wewe, mtoto wetu."

Alifia kulekule, ugenini.

Sasa wewe unakwenda chuo kusomea miamba hiyohiyo, na juzi nimekusikia ukiwaambia wenzako kwamba wazee wa kijijini hawajui kitu. Koma! Kabla hujaandika kina cha bonde, uliza kama kuna aliyelichimba. Kabla hujayapa makaa umri, muulize anayelima pale ni nani aliyewasha moto. Na ukipewa maneno ya mtu uyafikishe, yafikishe yote, hata kama yatakuaibisha mbele ya wakubwa. Ukikosea hesabu, utafuta na kuandika upya. Yule aliyehamishwa kwa hesabu yako, utamfuta wapi?

Mungu akulinde huko uendako, akupe macho ya kuuona udongo na masikio ya kumsikia anayeulima. Na siku utakapoficha neno la mnyonge, akunyime raha mpaka ukaliseme. Nenda salama, mwanangu.