Panya Wangu wa Kibuyuni

Mjukuu wangu ananyoosha nywele kwa chuma cha moto. Harufu ya nywele zilizoungua inanijaa puani, na hasira ileile ya utotoni inanipanda.

Nilipokuwa mtoto, Mama alifukua panya mchanga kwa jembe, katika shamba letu la viazi mlimani, juu ya mashamba ya pareto ya Wazungu. Alikuwa mwekundu, hana hata unyoya mmoja. Nilimlea ndani ya kibuyu kilichovunjika shingo, nikimtafunia mahindi. Alipoota manyoya, alikuwa akilala kiganjani mwangu, moyo wake ukidunda kwenye kidole changu.

Siku moja nilirudi kutoka mtoni na maji, nikakuta kibuyu kitupu. Papa, baba yangu, na kaka yangu mkubwa walikuwa wamekaa jikoni. Panya wangu alikuwa kwenye kijiti juu ya moto, na manyoya yake yaliyoungua yalikuwa yakinuka nyumba nzima.

"Ile panya iko yangu!" nilipiga kelele.

"Panya iko nyama," kaka alijibu, akigeuza kijiti.

"Basi munipatie na mimi."

Walicheka. Papa akasema, "Mutoto mwanamuke hakulake panya."

"Kama iko nyama, juu ya nini mimi sikulake? Na kama haiko nyama, juu ya nini munaichoma?"

Walikula. Papa alipomaliza kulamba vidole, aliniagiza nimletee maji ya kunawa.

Niliyaleta. Nikayamwaga yote chini, mbele ya miguu yake.